Koili Iliyokufa

Kama umekwama kwenye foleni saa hizi, nipunguze sauti kidogo uisikilize injini yako kwanza. Inanguruma sawasawa, au ina kale kaugonjwa ka kukohoa ukiachia breki? Yangu ilianza kukohoa Jumanne asubuhi, pale mataa ya Buguruni. Taa ikawa ya kijani, nikakanyaga mafuta, gari ikatetemeka kama mtu mwenye homa, na kile kitaa cha injini kwenye dashibodi kikaanza kupepesa. Gari yenyewe ni Toyota IST ya mwaka 2004, umbo lile la zamani ambalo Dar es Salaam nzima tunaliendesha kama sare ya shule.

Siku ile nilikuwa na haraka, nikaingia gereji moja kubwa yenye kiyoyozi na sofa za kusubiria. Jina silitaji. Kijana mwenye shati safi akafungua boneti, akasikiliza, akaenda kwenye kompyuta na kurudi na karatasi. Koili nne, plagi nne, gharama ya ufundi. Jumla ilikuwa milioni moja na ushee. Nikamuuliza, "Kwani koili zote nne zimekufa?" Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mzee, sisi tunabadilisha seti."

Nikamshukuru, nikaondoka nikikohoa mimi na gari yangu hadi Tabata, kwa fundi wangu wa siku zote. Huyu kiyoyozi chake ni mwembe. Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, kikasoma P0302. Akanionyesha: tarakimu ya mwisho ndiyo silinda, kwa hiyo silinda namba mbili inakosa moto. Sasa hapo, msikilizaji, ndipo alipofanya jambo ambalo lingeniokolea pesa nyingi kama ningelijua miaka kumi iliyopita. Akafungua boliti moja, akachomoa koili ya silinda ya pili, akaihamishia ya tatu, na ile ya tatu akaileta kwenye ya pili. Akafuta kumbukumbu ya kompyuta, akawasha gari, akaiacha ikohoe kidogo, akasoma tena. P0303.

"Umeona, boss? Ugonjwa umehama na koili. Plagi zako nzima, hizi nyingine tatu nazo nzima. Mgonjwa ni huyu."

Dakika kumi hazikufika. Kwa wasiofahamu, koili ni kidude kinachokaa juu ya plagi, kinauchukua umeme wa betri, volti 12, kinaupandisha hadi maelfu ya volti ili plagi itoe cheche. Kikifa, silinda moja inalala na gari inakwenda kwa tatu. Fundi akakifuta mafuta kwa kitambaa, akakigeuza kwenye mwanga, akaniambia nisome. Miwani sikuwa nayo, akanisomea yeye: Denso, halafu namba, 90919-02240. "Piga picha hiyo," akasema. "Ukienda mjini usitaje gari. Taja namba."

Nataka nikae hapo kwenye namba, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya ughali wa spea ni bei ya kutojua. Kila kipuri cha Toyota kina namba ya tarakimu kumi, tano mbele na tano nyuma, hapa na pale ikichanganywa na herufi. Zile tano za mbele ndizo jina la kitu chenyewe. Ukiona 04465 ni brekipedi za mbele. Ukiona 48510 ni shokapu ya mbele kulia. Tano za nyuma ndizo zinazosema ni ya gari lipi na la aina gani. Muuza spea mzoefu anazo kichwani nyingi kuliko namba za simu za ndugu zake. Wewe mnunuzi unafika kaunta na maneno: "naomba ile ya mbele, ya upande wa dereva, inayogonga." Hapo umeshaanza kulipa.

Na namba hiyo huipati kwa kubahatisha. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani, kwa hiyo hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika sehemu nyingi duniani. Yana namba fupi ya chesisi. Yangu inaanza na NCP61. Jirani yako mwenye IST inayofanana kabisa na yangu kwa nje anaweza kuwa na NCP60, yenye injini ya cc 1,300, wakati yangu ni ya cc 1,500. Ndiyo maana watu hununua kipuri "cha IST" wakarudi nacho kesho yake wakiwa wamenuna. Piga picha kile kibati chini ya boneti. Fundi yeyote mwenye simu na bando ataingiza namba ya chesisi kwenye katalogi na kukutolea namba ya kipuri unachotaka, na mchoro wake juu.

Basi, Jumatano nikaenda Gerezani, Kariakoo. Jina hilo huwa linanichekesha kila ninapoingia nikiwa na pesa mfukoni. Nilipanda daladala, na hilo nalo ni ushauri: ukienda na gari, bei inaangalia gari. Mwenye Harrier na mwenye Probox wakiulizia balbu ileile, kuna siku watajibiwa bei mbili. Sijavuka hata barabara, mawinga watatu wameshanizunguka. "Mjomba, unatafuta nini? IST? Vitz? Twende huku, orijino zote." Winga si mwizi, tusimuonee. Ni kijana asiye na duka, anayekupeleka kwenye duka la mwingine na kuishi kwa kile anachoongeza juu. Lakini kile anachoongeza kinatoka kwako. Nikatoa simu, nikasoma namba kwa sauti. Wawili wakaondoka palepale. Wa tatu akacheka, "Mzee, wewe umefundishwa," akanielekeza duka bila hata kunisindikiza.

Kwenye kaunta mzee wa duka akanipangia vitu vinne mbele yangu, nami nitavieleza kama nilivyoviona. Cha kwanza kilikuwa kwenye boksi la Toyota lenyewe, shilingi 220,000. Cha pili boksi la Denso, shilingi 150,000. Cha tatu boksi jeupe lisilo na jina la mtu, limeandikwa tu kwamba ubora wake ni wa juu, shilingi 35,000. Cha nne hakikuwa na boksi kabisa. Kilikuwa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni, kimechakaa kidogo, chini kina vumbi la Japani, shilingi 40,000. Mtumba.

Tuanze na hivyo viwili vya mwanzo. Watu wengi wanadhani kampuni ya magari inatengeneza kila kilichomo ndani ya gari. Sivyo. Denso ilikuwa idara ndani ya Toyota, ikatengwa kuwa kampuni yake mwaka 1949, na mpaka leo ndiyo inayoitengenezea Toyota vitu vingi vya umeme. Pampu za maji na klachi nyingi ni za Aisin. Shokapu, utakuta KYB. Gari linapotoka kiwandani linatoka na vitu hivyo. Gari likishazeeka, kitu kilekile kinaweza kukujia kwa milango miwili: kwenye boksi la kampuni ya gari, au kwenye boksi la aliyekitengeneza. Tofauti ya bei unayolipa hapo, mara nyingi, ni boksi. Sisemi kila mara, kwa sababu kuna wakati mtengenezaji anauza dukani daraja tofauti na lile alilolipeleka kiwandani. Lakini kwa koili, ukinipa Denso kwa bei ya Denso, sioni sababu ya kununua karatasi ya shilingi 70,000.

Wajerumani nao ndio kabisa. Volkswagen Touareg na Porsche Cayenne zimezaliwa tumbo moja, zinachangia vipuri chungu nzima, na wenye Porsche wajanja wanajua kwamba kipuri kikiwa na nembo ya Volkswagen hupungua bei bila kupungua kazi. Sasa kama mwenye Porsche anafanya hivyo, mimi wa IST nione aibu ya nini?

Tena sisi wa Toyota ndogo ndio tuliobarikiwa zaidi. Namba ile ya koili yangu haiko kwenye IST peke yake. Injini ya IST yangu inaitwa 1NZ, na hiyohiyo imo kwenye Probox, Raum, Sienta, Porte, na Premio na Allion za cc 1,500. Mpaka Prius ya kizazi cha pili ina nduguye, na koili yake ni hiyohiyo. Kwa hiyo Prius iliyogongwa nyuma huko Osaka ikafa, koili zake nne ziko hai na zinanitafuta mimi. Daihatsu Terios ukiibadilisha nembo unapata Toyota Cami. Passo ni Daihatsu Boon. Anayeulizia kwa jina la gari ana mlango mmoja wa kugonga, anayeulizia kwa namba ya kipuri au jina la injini ana kumi.

Turudi kwenye kaunta na maboksi yangu. Nichukue kipi?

Fundi wangu ana swali moja analouliza kila spea, nami nimelichukua kama la kwangu: hiki kikifa, nani anakufa nacho? Koili ikifa, gari inakohoa, ninachelewa kazini, nampigia fundi. Hakuna anayelia msibani. Nikachukua mtumba wa shilingi 40,000. Lile boksi jeupe nililiacha, ingawa lilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu ule mtumba ulishafanya kazi miaka kadhaa na ukathibitika, wakati boksi jeupe halina hata jina la mtu wa kumlaumu. Mzee wa duka akaniandikia risiti na kunipa siku tatu za kurudisha. Hizo siku tatu niliziomba kabla ya kutoa pesa. Ukiziomba baada ya kutoa pesa, hazipo.

Labda unajiuliza mtumba huu unatoka wapi kwa wingi namna hii. Japani gari jipya linakaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo unaoitwa shaken una gharama. Gari linavyozeeka, mwenyewe anapiga hesabu, anaona bora aliachie. Mengine yanakuja kwetu mazima. Mengine yanachinjwa hukohuko, yanasafiri vipandevipande: injini na giaboksi yake, milango, taa, hata pua nzima ya gari iliyokatwa kwa msumeno. Mengine yanapitia Sharjah, kule Uarabuni, kwenye mitaa ya spea kuukuu ambako utawakuta wafanyabiashara kutoka kwetu wakipatana bei kwa Kiswahili. Kontena likifunguliwa Dar au Mombasa, wenye macho wanakuwa wameshafika. Nairobi nako wana mtaa wao, Kirinyaga Road, ambao wengi hawajaacha kuuita Grogan, jina lililokuwepo kabla ya uhuru.

Lakini si kila mtumba umetoka Japani, na hapa niseme jambo ambalo halipendezi. Kuna asubuhi unaamka unakuta saitimira zako hazipo. Zimechomolewa usiku, kwa ufundi kabisa, hata waya hazikuchanika. Unakwenda mjini unatafuta za bei nafuu, unaonyeshwa pea nzuri sana, rangi ileile ya gari yako. Mmoja wa wenzangu hapa studioni alikuta kwenye kona ya kioo mkwaruzo aliouweka yeye mwenyewe akitoka getini kwake. Akazinunua. Afanyeje? Ndiyo maana siku hizi magari ya mji huu yanaandikwa namba zake kwenye kila kioo na kila taa, kama vyombo vya kuazima vya msibani. Ukiuziwa kioo kimesuguliwa pembeni kwa msasa, jua kuna mtu mahali fulani anaendesha bila kuona nyuma.

Sasa turudi kwenye lile swali la nani anakufa nacho, kwa sababu kuna vitu ambavyo jibu lake ni wewe. Brekipedi. Boljointi. Tairodi endi. Hapo sitaki kusikia mtumba, na boksi jeupe sitaki hata kuliona. Brekipedi feki inaweza kushika vizuri kabisa ukiijaribu mtaani. Ubaya wake unautambua ukiteremka mlima Kitonga na mzigo, breki zimepata moto na pedali inazama. Na majina yanayofahamika ndiyo yanayoghushiwa zaidi, kwa kuwa ndiyo yanayouzika. Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia, inateketeza, na zinarudi. Waghushi wanalijua jina lenye heshima, wanaweza hata kuchapa boksi lake. Kwa breki mimi hununua jina la mtengenezaji ninayemfahamu, tena duka ambalo kesho litakuwa palepale, na hapo sibani senti.

Eabegi ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Gari likigongwa eabegi zikafumuka, mpya ni ghali mno, na mitaani utaambiwa ipo ya mtumba, imetolewa kwenye gari zima. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mamilioni ya vifumulio vya eabegi vilivyokuja kugundulika kwamba badala ya kujaza mfuko hupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Watu walikufa, makampuni mengi ya magari, Toyota, Honda na Nissan yakiwemo, yakayaita magari yarudi, na Takata yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Na kinachoharibu ile baruti iliyomo ndani ni joto na unyevunyevu kwa miaka mingi. Joto na unyevunyevu. Nani anataka kunisimulia hali ya hewa ya Dar es Salaam? Ukinunua eabegi ya mtumba, unanunua baruti ya mtu usiyemjua, ya umri usioujua, halafu unaiweka mbele ya kifua chako.

Tairi kuukuu nazo, kwa kifupi: tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT. Ukiona 2311, imetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2011, hata kama meno yake yanang'aa.

Lakini njia rahisi kuliko zote sijaitaja, nayo ni kutonunua. Miezi michache nyuma alteneta yangu iliacha kuchaji. Duka la kwanza likaniambia alteneta nzima. Fundi umeme, kijana mmoja aliyejikalia chini ya mwavuli na kisanduku cha bisibisi, akaifungua juu ya gunia. Akanitolea kaboni mbili, vidude vya ukubwa wa kipande cha chaki, vimelika hadi mwisho. Akaweka mpya, akasafisha mahali zinaposugua, akaizungusha kwa kidole karibu na sikio langu. "Bearingi nzima, mzee, sikiliza." Nikasikiliza. Sikusikia chochote, na hiyo ndiyo ilikuwa habari njema. Nililipa chini ya shilingi 20,000. Stata ni hivyohivyo. Kalipa ya breki inayovuja mara nyingi inadai mipira yake tu. Rejeta iliyopasuka tangi la juu la plastiki haijafa, imepasuka tangi. Tumezoeshwa kununua kitu kizima kwa sababu anayeuza hapati faida kwenye kaboni mbili.

Humu nako kuna mipaka. Bushi za kuchonga kwa mpira wa tairi nimewahi kuweka, kwa ubahili wangu mwenyewe. Zilidumu, sikatai. Zilikuwa ngumu kama jiwe, na gari ikawa inalia kila tuta kama kitanda cha gesti. Mke wangu alikataa kupanda.

Haya, koili. Nilirudi Tabata, fundi akaifunga, boliti moja, soketi moja, mlio wa injini ukakaa sawa kama cherehani. Akaichukua ile iliyokufa aitupe kwenye ndoo yake. Nikamwambia naiomba. Akanitazama kwa mshangao, lakini vitu vibovu na maboksi matupu vina wanunuzi wake, vishoka wanaokuja kuviokota, wakavisafisha na kuvirudisha sokoni. Yangu nikaiweka kwenye droo ya dashibodi.

Jumamosi jirani yangu akagonga geti, ana Porte, inatetemeka kwenye mataa na ameshaandikiwa koili nne. Kwanza nikampeleka kwa fundi, ahamishe moja kwenda nyingine kama alivyofanya kwangu. Ikaonekana mgonjwa ni mmoja, silinda ya kwanza. Nikafungua droo, nikaifuta ile maiti kwa kitambaa, nikampa. "Nenda nayo Gerezani," nikamwambia, "uiweke juu ya kaunta, halafu unyamaze."